UZI: Uji wa moto, dawa ya meno na vidole vya mwanangu (kuungua na makovu, yote niliyojifunza)

#1 FundiTabata

Heshima kwenu wakuu.

Humu haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Krimu gani inaondoa kovu la kuungua?" Nimekuwa nasoma majibu na kupita kimya, maana mengine yanachekesha na mengine yanatisha. Leo nimetoka kliniki na mwanangu, ana miaka 4 sasa. Kashika penseli kwa vidole vitatu, kachora kitu anachosema ni bajaji. Nimerudi nyumbani nikasema liwalo na liwe, naandika.

Aliyeweka sufuria chini ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndugu wengine mpaka leo wanadhani ni dada wa kazi, na dada wa kazi hatukuwa naye. Mama yake alikuwa zamu ya usiku, umeme umekatika tangu saa nane, nikawasha jiko la mkaa kwenye korido nikapika uji wa lishe. Ulipoiva nikautua sakafuni, nikageuka kuchukua kikombe. Mtoto akavuta mwiko. Sufuria ikamlalia.

Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu. Uji ukaingia kwenye sweta mkono wa kulia, ukashuka mpaka mgongo wa kiganja, na mwingine ukamrukia kifuani. Wakuu, uji si chai. Chai inateleza, inaondoka. Uji mzito unaganda kwenye ngozi na kuendelea kupika. Sweta nalo likawa mfuniko. Sikulivua. Nilimbeba nikatoka naye nje napiga kelele kama mwehu.

Majirani wakaja kila mtu na dawa yake. Mmoja dawa ya meno. Mwingine ute wa yai. Mzee wa chumba cha mwisho akasema mafuta ya taa, bahati nzuri yalikuwa yamemwishia. Binti mmoja wa kidato cha pili ndiye peke yake aliyechota maji kwenye ndoo akaanza kummwagia mtoto kifuani, tena nia yake ilikuwa kumsafisha uji tu. Akamwagia muda mrefu, kwa sababu mimi nilikuwa nahangaika kutafuta viatu, pesa na bajaji. Mkono hakuugusa, ulikuwa umeshapakwa madawa.

Hapo ndipo penye somo lote la uzi huu. Kifua na mkono viliungua dakika moja, uji mmoja. Kifua kilifunga ndani ya siku 11 na leo kuna kivuli cheusi tu, ukipaka mafuta hukioni. Mkono ulikaa wazi zaidi ya mwezi, ukaoza, ukapandikizwa ngozi ya paja, ukafanya kovu nene kama kamba, na vidole vikaanza kuvutwa nyuma kuelekea mgongo wa kiganja. Najua mkono uliungua vibaya zaidi kwa sababu ya sweta. Lakini ningelivua lile sweta na kuuweka mkono kwenye maji, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Zahanati ya kwanza walifuta dawa ya meno juu juu, wakapaka GV (ile dawa ya rangi ya zambarau), wakatupa Panadol. Siku ya nne homa ikapanda na harufu ikaanza. Ndipo tukakimbilia hospitali kubwa. Huko walimlaza usingizi ndipo wakamsafisha, maana ute wa yai ulikuwa umekauka kama gundi. Nesi mmoja aliniambia, hakunionea haya: "Baba, hatuwezi hata kuona kina cha kidonda, mmekipaka rangi."

Baada ya ngozi kushika tuliruhusiwa tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia habari ya mazoezi wala mpira wa kubana kovu. Tukashangilia kidonda kimefunga. Kumbe kazi ndiyo inaanza. Naendelea chini, ngoja nimrudishie mtu gari lake.

#2 KitasaMwanza

Siti ya mbele. Pole sana mkuu, na hongera kwa kukiri. Wanaume wengi tungemsingizia paka.

#3 NesiWaZamu

Pole baba. Mimi nimekaa wodi ya walioungua miaka kadhaa, nimehamia kwingine kwa sababu moyo ulichoka. Niongeze pale kwenye maji, kwa sababu watu wanasikia "maji" wanadhani ni kunawisha dakika moja.

Ni dakika 20. Tazama saa, ukikisia utaacha kwenye dakika ya 4 kwa sababu mtoto analia. Maji ya bomba yanayotiririka ndiyo bora. Kama bomba limekauka, ndoo na kata: mkono juu ya beseni, mwaga taratibu, yakiisha chota yaleyale ya kwenye beseni mwaga tena. Si ya friji, si barafu. Barafu inafunga mishipa midogo ya damu na kuua ngozi ambayo ilikuwa bado hai. Hata ukiwa umechelewa, maji yana faida mpaka masaa matatu baada ya kuungua. Kwa hiyo aliyeungua saa moja asubuhi akaletwa kwako saa tatu, bado mwagia.

Kwa nini dakika zote hizo? Mahali palipoungua pana duara tatu. Katikati ngozi imekufa, hiyo huwezi kuiokoa. Pembeni kabisa ngozi imekuwa nyekundu tu, itapona yenyewe. Ya kati iko nusu mfu nusu hai, na ndani ya siku mbili tatu itaamua iende wapi. Maji yanapigania duara la kati. Dawa ya meno haipozi kitu kule ndani, ule ubaridi wake unausikia juu tu.

Wakati unamwagia, vua nguo, bangili, pete, shanga, hirizi, kila kinachobana, kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue, kata kuizunguka. Mtoto mdogo sehemu zilizobaki mfunike kanga, maana unapoza kidonda, mwili wenyewe unatakiwa ubaki na joto. Akianza kutetemeka, acha. Kisha funika kidonda kwa ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, uilaze tu usiifunge kama bandeji, au kanga safi iliyopigwa pasi. Malengelenge msiyatumbue. Mpe dawa ya maumivu. Na muulize mtu mara ya mwisho alichomwa lini sindano ya pepopunda.

#4 BwanaShubiri

Nawaheshimu wataalamu lakini tusijidharau. Bibi yangu Korogwe alitibu kijiji kizima kwa manyoya ya sungura na mafuta yake. Watu walipona bila kovu. Hizo hospitali zilikuwa wapi?

#5 NesiWaZamu

Kaka, sikatai kwamba walipona. Walioungua kidogo na juu juu wanapona hata ukiwapaka mate, ngozi yenyewe inajiziba ndani ya wiki mbili. Sungura anapata sifa. Wale walioungua kwa kina, bibi aliwazika au wakabaki na mikono iliyokunjamana, na hao hakuna anayewasimulia. Manyoya yanaingia kwenye kidonda, yanaganda, usaha unabaki chini yake. Nimeyatoa kwa mkono wangu, unyoya mmoja mmoja, mtoto akipiga yowe.

Na wala si kwamba dawa za asili zote ni upuuzi. Asali iliyosafishwa kitaalamu kwa ajili ya vidonda inafanya kazi, hasa kwa kidonda kisicho na kina kirefu. Gambia kuna hospitali iliwahi kutumia papai lililopondwa kwa watoto walioungua: papai lina kimeng'enya kinachokula nyama iliyokufa na kuacha iliyo hai. Lakini hiyo ilikuwa wodini, bandeji inabadilishwa kila siku, watu wanatazama. Si asali ya chupa ya soda kutoka stendi.

#6 BwanaShubiri

Hapo kwenye papai umenipata. Mshubiri je?

#7 NesiWaZamu

Pameungua pakawa pekundu tu kama jua limekuchoma, ule utomvu wa ndani unatuliza, sina ugomvi nao. Penye lengelenge au palipobabuka, usiweke.

#8 mama_sabuni

Mimi natengeneza sabuni za vipande nyumbani. Mwaka juzi kostiki soda ilinirukia mkononi na tone likaingia jichoni. Rafiki akasema weka siki "ili ikate makali". Nashukuru sikumsikiliza. Dawa inayounguza haitaki mabishano, inataka maji mengi na muda. Nilikaa chini ya bomba karibu saa nzima nikiwa nimefumbua jicho kwa vidole, halafu hospitali. Jicho liko salama.

Akina mama wenzangu wa ujasiriamali: soda ndiyo inamwagwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda inachemka na kuruka. Miwani si urembo.

#9 Bodaboda_Mkongwe

Mimi nataka kusemea ile alama ya ndani ya muundi wa kulia. Wengi humu mnayo, msijifiche. Ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia. Abiria anashukia kulia kwa sababu ndiko alikotazama, anabandika mguu kwenye bomba, anapiga kelele, halafu ananilaumu. Shukia KUSHOTO. Nawaambia kila siku, hawasikii, hasa waliovaa sketi.

Swali kwa nesi: mbona kidonda chenyewe kidogo kama sarafu lakini kinachukua mwezi na alama haitoki?

#10 NesiWaZamu

Swali zuri. Chuma kile kina moto mkali sana, hata kikigusa sekunde moja kinazama. Na ngozi ya muundi ni nyembamba, mfupa uko hapo hapo chini, damu ya miguuni nayo inapanda kwa shida. Watu wanadharau kwa sababu ni kadogo. Mwenye kisukari asidharau hata siku moja.

Kuhusu ukubwa, kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kutumia ni hiki: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Cha mtoto pima kwa kiganja cha mtoto, si chako. Mtoto akivuka viganja 5, mtu mzima akivuka 10, huyo ni wa hospitali bila mjadala. Na hata chini ya hapo, nenda kama ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, kwenye kiungo, au moto umezunguka mkono au mguu mzima kama pete. Umeme pia, hata kama unaona alama ndogo tu ya kuingilia, kwa sababu umepita ndani na moyo unaweza kuyumba. Na pale ambapo pamekuwa peupe au pakavu kama ngozi ya ngoma na mgonjwa anasema hapaumi: msifurahi. Hapaumi kwa sababu neva zimeungua.

Walioungua sehemu kubwa wanahitaji dripu mapema. Hesabu inategemea kilo na asilimia, na nusu ya maji hayo inatakiwa iingie ndani ya saa 8 za kwanza tangu ALIPOUNGUA, si tangu alipofika wodini. Mkizunguka kwa mganga saa 6, mmetuachia saa 2.

#11 MjukuuWaNakuru

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hapo kwa saa 8 nikakumbuka binamu yangu. Alikuwa Sachangwan, 31 Januari 2009, lile lori la mafuta lililopinduka watu wakaenda kuchota petroli. Zaidi ya watu 100 walikufa. Yeye alikuwa barabarani tu, hakuwa na mtungi. Mikono yake ilionekana si mibaya, akawa anaongea, anatembea, tukasema huyu amepona. Sauti ikaanza kukauka kama mtu mwenye mafua. Usiku akashindwa kupumua.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa amevuta moto ndani. Masizi puani, nywele za pua zimeungua, sauti imebadilika: huyo koo linavimba, apelekwe hospitali hata kama ngozi haina kitu.

#12 KakaBukavu

Pole ndugu yangu. Miye niko Bukavu. Huku kwetu ni Sange, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010. Lori la mafuta lilianguka usiku, watu wengine walikuwa ndani ya nyumba wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Zaidi ya 200 walikufa. Kuna mama tunasali naye kanisa moja, shingo yake imeshikana na kifua, hawezi kuinua uso kuangalia juu. Aliponea hospitalini akiwa amelala na mito miwili chini ya kichwa kwa sababu ndivyo alivyosikia nafuu.

#13 Kipanga255

Na sisi Morogoro, Msamvu, 10 Agosti 2019. Zaidi ya 100 pia. Mzee wangu alikuwa anasema petroli ya bure ndiyo ghali kuliko zote.

#14 FundiTabata

Nimerudi. Huyo mama wa Bukavu na mito yake kanigusa, kwa sababu ndilo kosa letu la pili.

Kovu linavuta. Ngozi mpya inapojengwa inajikaza yenyewe, na inakaza kuelekea pale ambapo mgonjwa anapasikia raha. Mkono ukiungua mtoto anaukunja, shingo ikiungua mtu anainamisha kidevu, kwapa likiungua anabana mkono ubavuni. Ukimwacha hivyo "asiumie", kovu linamfungia hapo hapo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kutuokoa miezi mitatu baadaye aliniambia: mkao wa raha ndio mkao wa ulemavu. Shingo iliyoungua mbele haiwekewi mto. Kwapa linalazwa wazi, mkono umenyooshwa pembeni. Kiganja kinafungwa kwenye kibao maalumu usiku vidole vikiwa vimekaa sawa, na mchana kinafanya kazi.

Sisi tulichelewa. Ikabidi afanyiwe upasuaji mmoja wa kulegeza ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada. Vidole vingine tumevirudisha kwa mazoezi, kibao cha usiku na glavu ya kubana, mwaka mzima na ushee.

#15 KeloidiSugu

Sasa tufike kwenye mada. Kovu lenyewe mnalipunguzaje? Mimi niliungua mafuta ya chipsi begani, kidonda kidogo, sasa nina kitu kimekua kama kaa, kinawasha na kila mwaka kinapanuka.

#16 NesiWaZamu

Kwanza tutenganishe. Kovu nene la kuungua linanyanyuka lakini linabaki ndani ya mipaka ya kidonda. Linaanza wiki chache baada ya kufunga, linafika kileleni miezi ya 3 hadi 6, kisha linalala polepole, mwaka mmoja hadi miwili. Keloidi inatoka nje ya mipaka, inatambaa kwenye ngozi ambayo haikuungua, na haichoki. Kwa maelezo yako hiyo ni keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, inafuata ukoo, na inapenda bega, kifua, taya na masikio.

Usikubali mtu aikate tu akushone. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine mara nyingi inarudi, na ikirudi inarudi na wenzake. Kinachofanyika ni sindano za steroidi, triamsinoloni, ndani ya kovu lenyewe kila wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Zinauma, sikudanganyi. Zinalainisha na kutuliza muwasho, ingawa pale inapochomwa ngozi inaweza kupauka. Kuna wanaokatwa kisha wakafuatiliwa na sindano au mionzi. Hayo ni maamuzi ya daktari wa ngozi au wa upasuaji, si ya duka la vipodozi.

Na kitu ambacho watu hawakijui: kidonda cha kuungua kilichofunga ndani ya wiki mbili ni nadra kuacha kovu nene. Kikivuka wiki tatu kiko wazi, uwezekano unapanda sana. Ndiyo maana madaktari hawasubiri, wanapandikiza ngozi. Ndugu wanasema "wanamkatakata mtoto bure". Wanazuia kovu.

#17 FundiTabata

Naunga mkono hoja. Haya ndiyo tuliyofanya mkononi baada ya ngozi kufunga kabisa, na nasisitiza kabisa, hakuna unyevu wala kigaga.

Kukanda. Mara tatu kwa siku, dakika 5 hadi 10, kwa mafuta yasiyo na manukato. Si kupapasa. Unakandamiza kwa gumba mpaka kovu libadilike rangi, unazungusha, unalisukuma kushoto na kulia juu ya nyama ya chini ili lisishikamane nayo. Wiki ya kwanza mtoto alinichukia.

Glavu ya kubana. Alipimwa hospitali, ikashonwa kwa kitambaa cha mpira, ya vidole vyake hasa. Saa 23 kwa siku, unavua wakati wa kuoga na kukanda. Kwa joto la Dar es Salaam hiyo ni adhabu. Tulikuwa nazo mbili, moja mwilini moja kwenye kamba. Anakua, kwa hiyo kila miezi michache inapimwa upya, ikilegea haina kazi.

Karatasi ya silikoni. Inabandikwa juu ya kovu, tukaanza saa 4 kwa siku tukapanda mpaka zaidi ya 12. Inaoshwa kila siku kwa sabuni laini, na ngozi pia, vinginevyo jasho linaleta vipele. Tulipoteza wiki mbili kwa vipele kabla sijajua hilo. Ipe angalau miezi miwili mitatu ndipo uihukumu. Kipande kimoja unakitumia wiki nyingi, kwa hiyo usitishike na bei ya kwanza.

Jua. Kovu changa likipigwa jua linaweza kukolea weusi. Mikono mirefu, kofia, na mafuta ya kukinga jua SPF 30 kwenda juu.

Chakula. Mayai ambayo majirani waliyapaka mkononi, sisi tuliyahamishia tumboni. Dagaa, maharage, maziwa. Mwili unaojenga ngozi unakula kama fundi wa zege.

#18 BiMkubwaKibokoni

Pole sana baba. Mimi nyanya wa Mombasa, wajukuu ndio wanionyeshao haya. Huo muwasho wa kovu waweza kumtoa mtu roho usiku. Mafuta ya nazi, lakini uyapike mwenyewe kwa tui mpaka yatoke, usitie chochote cha kunukia. Kidonda kikiwa kimefunga, si kabla. Na kucha za mtoto zikatwe kila Ijumaa.

#19 NesiWaZamu

Bibi yuko sahihi, hata kuhusu kucha. Muwasho ukizidi zipo dawa za vidonge, ulizeni. Akijikuna akachubua, mnaanza upya.

#20 LuluwaMbeya

Jamani, mimi kovu la uso si nene, ni rangi tu. Cheusi pembeni, katikati peupe. Dada wa saluni kanichanganyia krimu tatu, anasema wiki mbili nakuwa sawa. Nipake?

#21 NesiWaZamu

Usipake. Huo ni mkorogo, haijalishi kaupa jina gani. Kwenye michanganyiko hiyo kuna haidrokwinoni ya kuchubua rangi, steroidi kali, wakati mwingine zebaki. Ngozi yako ya kovu ni nyembamba, itapokea yote. Weusi wa pembeni kwa kawaida unapungua wenyewe ndani ya miezi, ukikingwa na jua. Weupe wa katikati ni hadithi nyingine: chembe zinazotengeneza rangi zimekufa hapo, na hakuna krimu inayozifufua. Nyingine zinaingia polepole kutoka kingoni, ndiyo maana unaweza kuona vitone vyeusi vinatokea ndani ya weupe. Vitone hivyo ni habari njema. Kama baada ya mwaka mmoja na nusu hakuna mabadiliko, muone daktari wa ngozi, kuna njia za kupandikiza. Hospitali ya KCMC Moshi wana kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi tangu 1992, na wanafunzi wake wamesambaa mikoani, uliza hospitali ya mkoa wako.

#22 MzukuluWaBukoba

Samahani kuvamia uzi. Babu yangu ana kovu la moto kwenye mguu tangu utoto, alianguka kifafa motoni na watu waliogopa kumshika wakidhani wataambukizwa. Miaka 50 hivi. Sasa kovu limefungua kidonda, mwaka mzima hakifungi, kingo zimenyanyuka, kinanuka. Tunapaka unga wa vidonge vya rangi mbili.

#23 NesiWaZamu

Mjukuu, hili nakuomba usilisome ukapita. Kovu la zamani la kuungua linaweza kugeuka saratani ya ngozi baada ya miaka mingi, na dalili yake ni hiyo hiyo: kidonda juu ya kovu kisichofunga, kingo zimetuna, harufu, damu kirahisi. Kilijulikana tangu karne ya 19, kinaitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari wa Ufaransa. Simwiti babu mgonjwa wa saratani, sijamuona. Lakini kidonda cha namna hiyo kinakatwa kipande kikapimwe, wiki hii. Kikigundulika mapema kinaondolewa. Acheni ule unga.

Na kifafa hakiambukizi. Mate hayaambukizi, kumshika hakuambukizi. Mtoe mtu motoni.

#24 MzukuluWaBukoba

Nimempigia baba mdogo. Wanampeleka Jumatatu. Asante dada.

#25 KitasaMwanza

Nimesoma uzi wote na leo nimehamisha jiko. Nimejenga kimeza cha matofali kufika kiunoni, mke ananicheka ananiita injinia. Sufuria sakafuni marufuku.

#26 mama_sabuni

Fundi, mtoto wa jirani yangu ana glavu kama hiyo na anaivua usiku mama akilala. Na mazoezi hataki kabisa. Nyie mlifanyaje?

#27 FundiTabata

Tulipigana naye kama mwezi, dada, tukashindwa. Kilichosaidia ni unga. Mama yake alikuwa anakanda chapati, mtoto akalilia donge, tukampa. Akakaa nalo nusu saa analiminya, analibonyeza, analichambua kwa ncha za vidole, mkono uleule aliokuwa anakataa nisiuguse. Yule mtaalamu wa mazoezi alipoona akasema hilo donge linafanya kazi kuliko mimi. Tangu hapo kila jioni ana donge lake. Baadaye tukaongeza kuchambua maharage na kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba.

Glavu nilijishonea na ya kwangu, nikawa navaa tukiwa pamoja. Gereji wakaniita Michael Jackson mpaka wakachoka. Usiku tulimvalisha soksi juu ya glavu, tukafunga kwa utepe laini kiwiko kwa juu, usibane. Anaivua bado mara moja moja. Asubuhi tunaitafuta chini ya kitanda tunamvisha tena.